Kipande cha Moyo wa Mwalimu Perpetua

Nyie mnaoingia maabara siku hizi mmekuta friza inayopiga kelele yenyewe ikipata joto. Inalia kama mbuzi aliyefungwa juani, na mtu anakimbia kuiangalia. Sisi tulikuwa na rula. Rula ya mti, ile ya shuleni. Unaitumbukiza kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji, ile ya kugandishia sampuli, unahesabu mpaka kumi, unaichomoa na kuipunga hewani mara mbili tatu. Pale ilipokuwa imezama panaota barafu nyeupe, nyembamba kama unga. Barafu ikifika alama ya kumi na tano, kalale salama. Ikifika tano, mtafute Masanja, mtu wa kujaza mtungi. Na rula ikitoka kavu kama ilivyoingia, hata Masanja hakusaidii.

Nimestaafu. Waliniomba niwaandikie habari za kazi ya zamani, na nadhani walitaka niwachekeshe. Basi nianze na hilo. Tulikuwa tunanyonya pipeti kwa mdomo. Siku moja nilivuta mkojo wa mzee mmoja wa Magu mpaka ukafika kwenye jino, na mzee mwenyewe amesimama dirishani ananitazama. Akasema, "Binti, hata kama ni kipimo, hapo si umezidisha?" Nilisukutua mdomo kutwa nzima. Msininyonyee pipeti kwa mdomo, hata ule mpira wa kuvutia ukipotea. Na lebo ya kitu kinachokwenda kwenye baridi kali andikeni kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hukimbia. Mengine mtayajua wenyewe.

Ninachotaka kuwaambia hasa ni habari ya Mwalimu Perpetua, na hicho hakichekeshi.

Ilikuwa miaka ya tisini, pale Mwanza ilipoanza kufunguka. Viwanda vya minofu ya samaki vimeota ufukweni, mitumba imejaa hadi vichochoroni, na kila mtaa una duka la dawa lenye rangi mpya. Mimi nilikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali ya serikali, dirisha la kuchukulia damu likiwa langu. Pale nikisimama naliona ziwa kipande, katikati ya paa mbili za bati.

Tulikuwa na daktari wa moyo, Daktari Kamugisha, Mhaya mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuzungumza na mfagiaji na profesa kwa sauti ileile. Wagonjwa wake wengi walikuwa vijana. Mtoto anaumwa mafindofindo, anapewa maji ya chumvi, yanapita. Baadaye anapata homa ya baridi yabisi, viungo vinauma, nayo inapita. Miaka kumi mbele anapanda kilima na ndoo, anashindwa kupumua. Valvu, ule mlango wa damu ndani ya moyo, imekakamaa na kubana. Ndiyo maana mpaka leo nikisikia mtoto wa jirani ana koo, mimi ndiye ninayempeleka zahanati mwenyewe, mama yake akipenda asipende.

Daktari Kamugisha alikuwa na swali lililokuwa linamla. Wapo wagonjwa waliofunguliwa valvu, ikafunguka vizuri, na bado wakaendelea kuhema. Kwa nini? Siku moja alikuja maabara, akaninyooshea ngumi.

"Modesta, kukunja hii ni kazi, si ndiyo?"

"Ndiyo, Daktari."

Akaikunjua polepole. "Na hii nayo ni kazi. Watu hawajui."

Akanieleza. Ndani ya kila seli ya msuli wa moyo kuna ghala dogo la kalsiamu. Kalsiamu ikimwagika kutoka ghalani, msuli unakaza. Halafu kuna protini ambayo kazi yake ni kuisomba ile kalsiamu na kuirudisha, ndipo msuli unalegea na moyo unajaa damu tena. Kuna protini ya kufungulia, kuna ya kusombea, kuna ya kumshika mkono msombaji asiende mbio kupita kiasi. Kila pigo la moyo, zote hizo zinafanya kazi. Valvu ikibana kwa miaka, msuli ulio nyuma yake unasukuma na kusukuma, na Daktari alikuwa anashuku kwamba hizo protini zinapungua, au uwiano wake unaharibika. Valvu unaweza kuifungua kwa siku moja. Lakini msuli uliosahau kulegea, nani ataukumbusha?

Nilimsikiliza nikiwa nimeshika chupa ya damu, nikasahau kuiweka chini. Nilikuwa na cheti cha kupima malaria na choo. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza kitu kama kile kana kwamba kinanihusu.

Ikatokea nafasi. Daktari bingwa wa upasuaji, mgeni, alikuja kwa wiki mbili kufungua valvu za wagonjwa sita. Katika upasuaji ule alikuwa anapitisha kidole kwenye kijifuko cha pembeni ya moyo, na ncha ya kile kijifuko ilikuwa inakatwa. Kipande kidogo, kama punje ya kunde, ambacho kwa kawaida kinatupwa. Daktari Kamugisha akaomba visitupwe. Vingegandishwa, visafirishwe kwenda maabara ya marafiki zake nje, wapime zile protini. Kilichohitajika ni naitrojeni ya maji, na naitrojeni mjini kwetu ilikuwa kwa watu wa mifugo tu, wa uhimilishaji, wanaotunza mbegu za madume ya ng'ombe.

Hapo ndipo nilipomfahamu Masanja. Alikuwa na pikipiki, buti za mpira, na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na ng'ombe.

"Mwangaluka, mama! Hii naitlojeni," alisema baada ya salamu yake ya Kisukuma, akinikabidhi mtungi wa kuazima, "haina harufu, haina rangi, na ikiondoka haiagi. Kizibo usikiache wazi. Nenda na rula kila asubuhi. Na usije ukachanganya mitungi, maana nikimpandikiza ng'ombe wa watu moyo wa mtu, nitahama mkoa."

Kazi ya kuwaomba wagonjwa ridhaa nilipewa mimi, kwa sababu najua kuongea na watu. Watano walisaini bila neno. Wa sita alikuwa Perpetua.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Nansio, kisiwani Ukerewe, Mkerewe, binti wa miaka ishirini na sita mwenye midomo ya rangi ya zambarau kwa ugonjwa. Alisoma karatasi mstari kwa mstari, kama anasahihisha insha.

"Shikamoo dada. Hapa wameandika utafiti. Mimi nitapata majibu yangu?"

Wanangu, hapo palikuwa na jibu moja tu la kweli: sijui, ngoja nimuulize Daktari. Lakini foleni ilikuwa ndefu nami nilijiona mjuzi. Nikasema, "Marahaba. Utapata. Tutajua msuli wako una nguvu kiasi gani."

Uso wake ukabadilika. "Basi nitajua kama naweza kubeba mimba."

Sikumsahihisha. Akasaini.

Upasuaji ulikwenda vizuri kwa wote sita. Vipande nilivipokea mwenyewe mlangoni pa chumba cha upasuaji, nikavitia kwenye vichupa, nikaandika kwa penseli, nikavizamisha. Cha Perpetua kilikuwa cha mwisho. Nakumbuka kilitoa sauti kilipogusa ule ubaridi, chiii, kama tone la maji kwenye kikaango.

Baada ya hapo alikuwa anakuja kila mwezi kwa sindano ya penisilini na kipimo cha damu. Akishuka melini anakuja kwanza dirishani kwangu, na kapu la machungwa ya Ukerewe. Midomo ilikuwa imerudi rangi yake. Meli ikimwacha alikuwa analala kwangu Mkuyuni, anakaa mezani na rundo la madaftari anasahihisha, ananisomea majibu ya watoto wake mpaka mbavu zinaniuma. Mtoto mmoja aliulizwa kazi ya moyo akaandika, "Kupiga." Perpetua alimpa alama kamili. Alisema hajaona jibu zuri kuliko hilo. Sikuwa na mdogo wa kike. Nikawa naye.

Na kila akija: "Dada, kipande changu hakijambo?"

"Hakijambo, kimelala."

Sasa nije kwenye kosa.

Wakati ule maabara binafsi zilikuwa zinafunguliwa kama uyoga, na moja ilifunguliwa Mkuyuni, hatua chache kutoka kwangu. Walihitaji mtu wa darubini mchana. Mshahara wa serikali mnaujua. Nikawa natoroka saa nane. Sikuwa peke yangu, wengi tulikuwa tunafanya hivyo, na hiyo siyo sababu.

Jumatano moja Masanja aliniletea habari kwamba naitrojeni imefika, nipeleke mtungi ujazwe. Asubuhi ile rula ilikuwa imeonyesha sita. Nikasema nitakwenda kesho, kwa kuwa Mkuyuni walikuwa wananisubiri. Alhamisi Mkuyuni palikuwa na watu wengi zaidi. Ijumaa nilipofika ofisi ya mifugo Masanja alikuwa ameondoka na shehena yote kwenda Magu, vijijini, kwa ng'ombe. Nikajiambia itafika Jumatatu. Ufunguo wa chumba ulikuwa mfukoni mwangu na sikumwambia mtu.

Jumatatu nilitumbukiza rula, nikahesabu mpaka kumi. Nikaipunga. Nikaisubiri. Ilikuwa mti mkavu. Nikaishika kwa kiganja, ilikuwa na uvuguvugu wa chumba. Nilivitoa vichupa. Ndani yake vipande vilikuwa vimelainika, vina maji ya pinki.

Masanja aliporudi nilijaza mtungi, nikavirudisha mle ndani, vikaganda tena. Kwa macho usingejua tofauti. Wiki mbili baadaye Daktari Kamugisha alivisafirisha, akanishukuru kwa kuvitunza. Nikasema asante.

Barua ilirudi baada ya miezi. Protini zilikuwa zimevunjikavunjika, hakuna cha kupima, bila shaka sampuli ziliyeyuka. Daktari aliisoma akiwa amesimama dirishani kwangu. Aliikunja, akaiweka mfukoni, akasema, "Itakuwa ndege. Zilikaa uwanjani juani." Kisha, kwa upole, "Waambie wagonjwa, Modesta. Waambie samahani zangu."

Samahani zake. Watano niliwaambia kwamba viliharibika njiani. Wakasema Bwana alitoa, Bwana ametwaa, na yakaisha. Perpetua alipokuja na machungwa, akauliza majibu, mdomo wangu ukasema, "Bado hayajarudi. Wazungu nao wana foleni."

Akacheka. Mimi pia nikacheka.

Uongo wa maabara una tabia moja: hauhitaji kulishwa. Ukishauweka unakaa wenyewe. Mwezi baada ya mwezi nilisema bado. Ulipita msimu wa pamba, ukaja mwingine. Nilijua ana mchumba, mwalimu mwenzake jina lake Deusi, lakini sikuwa nimeuliza mengi, kwa sababu nilikuwa naogopa nitakachosikia.

Alikuja siku moja bila kapu. Nikamfunga mpira mkononi, nikatafuta mshipa. Akasema taratibu, macho yakiwa ukutani:

"Deusi ameoa, dada."

"Ameoa nani?"

"Binti wa kwao. Wazazi wake waliuliza kama mimi nitazaa salama. Nikawaambia wasubiri majibu, yako njiani. Wamesubiri mwaka wa kwanza, wamesubiri wa pili. Siwalaumu. Yeye mwenyewe alilia." Akanitazama. "Sindano imeshaingia? Sijaisikia."

Ilikuwa bado. Niliirudisha kwenye trei. Nilimwomba mwenzangu amalizie, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya jengo ambako tunachoma taka, mpaka nikasikia wamemwita kwenye sindano ya penisilini, na baadaye nikajua ameondoka.

Nikaenda kwa Daktari Kamugisha. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: Mkuyuni, Ijumaa, rula, barua, ndege isiyo na hatia. Alivua miwani.

"Umemwambia kile kipande kitasema kama anaweza kuzaa?"

"Ndiyo."

"Modesta, hata kingefika kizima kisingesema. Vipande sita! Mimi nilikuwa najaribu kuelewa ugonjwa, si kumjua yeye. Kuhusu mimba, ningemsikiliza moyo, ningempandisha ngazi, ningemwambia. Nafikiri ningemwambia tujaribu, kwa uangalizi." Akavaa miwani. "Angeniuliza tu. Kwa nini hakuniuliza?"

Nilijua kwa nini. Hakumuuliza kwa sababu mimi nilikuwa nimeshamjibu.

Nilidhani atanifukuza. Alisema, "Panda meli ukamwambie mwenyewe. Halafu urudi kazini. Hatuna mtu mwingine anayejua ile rula."

Nilipanda meli ya asubuhi Jumamosi. Nansio nilimkuta nyumbani kwao, uani, anamenya mihogo na mama yake. Alinyanyuka kwa furaha, akafuta mikono, akanipa shikamoo, akaniletea kiti. Mama yake akaingia jikoni kunipikia. Nikaona nikingoja mpaka nile, sitasema. Nikasema palepale, kisu chake kikiwa bado kwenye muhogo. Sikuficha hata Jumatano.

Alisikiliza kama anavyosikiliza mtoto anayesoma kwa sauti, kichwa ameinamisha upande. Nilipomaliza akauliza:

"Kiliyeyuka lini?"

"Mwezi wa tatu baada ya upasuaji."

Akahesabu kimoyomoyo. "Kwa hiyo siku ile niliyokuletea kitenge, kilikuwa kimeshayeyuka."

"Ndiyo."

"Na ile niliyolala kwako tukacheka habari ya Kupiga."

"Ndiyo, Perpetua."

"Na majibu yenyewe hayakuwa majibu."

"Hayakuwa. Nilikudanganya hapo pia. Nilisema nisichokijua."

Alirudi kwenye muhogo wake, akaumaliza kuumenya, mrefu, mweupe, bila kukata ganda. Kisha akasema, "Ungeniambia mwezi uleule, ningekasirika wiki moja."

Nikaomba radhi. Nililia, na yeye hakulia. Mama yake akatoka na samaki na ugali. Perpetua akaninawisha mikono kama kawaida ya mgeni, akahakikisha nimeshiba. Alinisindikiza mpaka gatini, watoto wa shule wakimwamkia njia nzima. Pale gatini alisema, "Mama usimwandikie habari hii. Anakupenda." Akanipa mkono. "Safari njema, Bi Modesta."

Siyo dada. Nilikaa upande wa nyuma wa meli nikakitazama kisiwa mpaka kikawa mstari.

Kwenye ile maabara ya Mkuyuni sikurudi tena. Perpetua alikwenda kwa Daktari Kamugisha, nadhani waliongea vizuri, maana baada ya hapo alitembea wima zaidi. Hakuolewa. Alifundisha miaka mingine mingi. Kliniki alikuja kila mwezi, ila alikuwa anapitia mlango wa nyuma na damu alimpa mwenzangu wa chumba cha pili. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba. Nilikuwa namsikia anasalimia, anatania, anauliza watoto wa watu hali. Nikisikia meli imepiga honi asubuhi, mikono yangu ilikuwa inapunguza kazi yenyewe, inasikiliza. Kuna wagonjwa walionilalamikia kwamba siku nyingine nawafunga mpira nawasahau.

Masanja alifariki, Mungu amweke pema. Daktari Kamugisha alihamishwa; kabla ya kuondoka alikusanya vipande vingine, na hivyo nilivilinda kama mboni ya jicho. Sitajidai kwamba vilifidia. Na Perpetua valvu yake ilibana tena, kama zinavyofanya, na alizikwa kwao Ukerewe wakati wa mvua. Mimi nilipata habari matanga yakiwa yameshaondolewa. Mpaka leo machungwa yakianza kuuzwa barabarani nachukua njia nyingine, halafu nageuka na kuyanunua.

Miezi kama minne kabla hajafariki, nilimpima mara moja tena. Mwenzangu wa chumba cha pili alikuwa na msiba, dirisha lilikuwa moja tu. Nikanyanyua kichwa kuita anayefuata, na alikuwa yeye, midomo imeanza kuwa zambarau, mvi kwenye nywele za pembeni. Akaweka mkono kwenye kimto cha dirishani. Nilimfunga mpira. Mshipa niliupata mara ya kwanza. Nilipomaliza nikachukua penseli, nikaandika lebo, nikabandika.

"Soma," alisema.

Nikamsomea: jina lake, jina la baba, tarehe, saa.

"Soma tena."

Nikasoma tena, polepole. Alikuwa ananitazama usoni, siyo kwenye chupa. Kisha akashusha mkono wa gauni, akafunga kifungo.

Watu walikuwa wengi, lakini ile damu niliipima muda uleule, kwa mkono wangu, nikaandika majibu, nikayapeleka mwenyewe kwa daktari badala ya kuyaacha kwenye kisanduku. Nikarudi karibu nakimbia, nimeshika nakala ya majibu yake mkononi, nimeshaamua nitakachomwambia. Kwenye benchi alikuwa amekaa mama mwingine na mtoto. Akaniambia yule mwalimu ameondoka, amesema anawahi meli.